SOMO: KUJIANDAA KWA UZEE KABLA HAUJAFIKA



Ndugu mmoja wa Ifakara, aliyejiunga nasi miaka michache iliyopita, ameleta swali ambalo nimelisikia pia Kidatu, Mang'ula na Mlimba. Ameandika hivi: "Nina umri wa miaka 43. Mimi ni mkulima wa mpunga, na mke wangu ni muuguzi. Mdogo wangu hukata miwa Kidatu kila msimu. Jirani yangu husema kuweka akiba ya uzeeni ni kumtilia shaka Mwenyezi Mungu, kwani Yeye ndiye Mwenye kuruzuku. Mwingine husema watoto ndio akiba. Je, dini yasemaje, nami nifanye nini?"

Swali hili ni la maana kubwa. Wengi hulikimbia mpaka siku nguvu zinapowaishia, na siku hiyo jibu huwa halina faida tena. Basi tulitazame sehemu kwa sehemu, na kila mmoja wetu apime hali yake.

1. JE, AKIBA NI KUKOSA TAWAKALI?

Sivyo hata kidogo. Kurani Tukufu katika Sura Yusuf yatueleza habari za Nabii Yusufu a.s. alipotafsiri ndoto ya mfalme wa Misri. Alifahamu kwa wahyi kwamba yatakuja miaka saba ya neema, kisha saba ya shida. Je, aliwaambia watu wakae tu na kuomba? La. Aliwaagiza walime kwa bidii, wale kidogo, na nafaka iliyobaki waiache katika masuke yake ili isiharibike. Twaona basi kwamba Nabii wa Mungu alifundisha mambo matatu pamoja: kufanya kazi, kujizuia katika matumizi, na kuhifadhi kwa njia iliyo salama.

Kadhalika imesimuliwa katika Hadithi kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Na mtu mmoja alipomwuliza kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, alifundishwa kwamba amfunge kwanza, ndipo ategemee. Nani kati yetu atadai kuwa na tawakali kuliko Mtume s.a.w.?

Watu wa bonde la Kilombero walijua jambo hili tangu zamani. Masika ikaribiapo, hakuna Mndamba mwenye akili aachaye mpunga wake sakafuni kando ya mto. Huuinua mahali pa juu, kwani anajua maji yatakuja, ingawa siku yenyewe haijui. Uzee nao ni hivyo. Kurani Tukufu katika Sura Ar-Rum yatukumbusha kwamba mwanadamu huumbwa dhaifu, kisha hupewa nguvu, kisha hurudishwa katika udhaifu na mvi. Kwa hiyo, tukijaliwa maisha marefu, uzee ni msimu ulio katika kalenda yetu.

Linalokatazwa ni kurundika mali bila kuitolea zaka wala sadaka, na kuitegemea kana kwamba ndiyo mungu. Tofauti ya akiba na uchoyo ni hii: mwenye akiba anajua kwa nini ameiweka na haki ya nani imo ndani yake. Mchoyo hajui lolote ila kuhesabu.

2. HESABU YA MWAJIRIWA

Tumwanze mke wa ndugu yetu, aliye muuguzi. Katika Tanzania, mtumishi wa umma huweza kustaafu kwa hiari afikapo miaka 55, na kwa lazima afikapo 60, isipokuwa kada chache zilizoongezewa muda. Tangu mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa mmoja, PSSSF, na mfuko wa NSSF ukabaki kwa sekta binafsi na waliojiajiri. Kila mwezi huwekwa asilimia 20 ya mshahara. Katika PSSSF mtumishi hukatwa 5 na mwajiri huongeza 15. Ili mtu astahili pensheni ya kila mwezi, yapasa awe na michango ya miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15.

Jinsi ya kukokotoa mafao imezusha maneno mengi. Kanuni za mwaka 2018 zililalamikiwa sana hata zikasitishwa Desemba ya mwaka huo. Nyingine zikaanza Julai 2022, na mwezi wa Juni 2024 serikali ilitangaza kuongeza sehemu ya mkupuo: asilimia 40 kwa makundi yaliyokuwa yakipata nusu hapo zamani, na asilimia 35 kwa yaliyokuwa yakipata robo. Viwango hivi huweza kubadilika tena, kwa hiyo ulizia katika ofisi ya mfuko wako. Lakini hesabu yenyewe si siri, nasi tuifanye hapa.

Tuseme mtumishi amechangia miezi 360, na wastani wa mshahara wake katika miaka yake mitatu bora ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka. Huchukuliwa 360, ikagawanywa kwa 580, ikazidishwa kwa 12,000,000. Jibu ni kama 7,448,000. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, nayo ni kama 37,240,000. Asilimia 60 iliyobaki hugawanywa kwa miezi 12, nayo ni kama 372,000 kila mwezi.

Sasa tazama vizuri, ndugu msomaji. Nyumba iliyozoea 1,000,000 itapata 372,000. Pengo ni 628,000 kila mwezi. Mstaafu akiendelea kuishi kama zamani na kuliziba pengo hilo kwa fedha za mkupuo, zitakwisha kabla ya miaka mitano. Aliyestaafu na miaka 60 atakuwa na 64, bado ana macho na meno, na mkono mtupu.

Nini cha kufanya? Kwanza, kila mwaka omba taarifa ya michango yako, uhakikishe kwamba hakuna mwezi uliosahauliwa na kwamba jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa vimeandikwa sawasawa kama katika hati zako nyingine. Wengi waligundua kosa siku ya kustaafu, wakahangaika miezi mingi kwa herufi moja. Pili, maliza madeni miaka mitano kabla. Tatu, jaribu mapema kuishi kwa kiasi kile cha pensheni: miaka miwili kabla ya kustaafu, familia iishi kwa sehemu tu ya mshahara na iliyobaki iwekwe. Kwa njia hii utajifunza kupunguza matumizi kwa hiari kabla hujapunguziwa kwa lazima.

3. MKATA MIWA NA KIBARUA

Hapa pana hatari ambayo wachache huiona. Mdogo wa ndugu yetu hukata miwa, na kazi hiyo ni ya msimu. Tuseme kila mwaka huajiriwa miezi 8 na kuchangiwa miezi hiyo. Baada ya misimu 20 atasema, "Nimefanya kazi miaka 20." Lakini mfuko hauhesabu miaka ya maisha, huhesabu miezi iliyochangiwa. Ishirini mara nane ni 160. Hajafika 180. Mtu huyu atapewa malipo ya mara moja, naye hatapata pensheni ya kila mwezi mpaka kufa kwake, ingawa alipungukiwa miezi 20 tu.

Dawa ipo. NSSF hupokea pia michango ya hiari ya waliojiajiri. Mkata miwa akifika ofisini angali na nguvu, aulize jinsi ya kuchangia katika miezi ile asiyo na kazi, na asitupe kitambulisho wala stakabadhi zake za mishahara. Wewe uliyesoma habari hii, mpelekee jirani asiyejua kusoma. Hiyo nayo ni sadaka.

4. HESABU YA MKULIMA

Ndugu yetu mwenyewe hana mwajiri. Hakuna atakayemkata wala atakayemwongezea. Kwa hiyo hapana budi awe mwajiri wa nafsi yake.

Desturi mbaya iliyowarudisha nyuma wengi bondeni ni kuuza mpunga ungali shambani kwa bei ya kutupa, ili kupata fedha za haraka. Mtume s.a.w. alikataza kuuza matunda kabla uzima wake haujadhihirika, na hekima yake twaiona kwa macho yetu: anayenunua mapema hunufaika na haja ya mnyonge, na gharika ikija huzuka ugomvi. Nyingine ni kuuza yote wakati wa mavuno, bei iwapo chini, kisha kununua mchele wakati wa kilimo, bei iwapo juu.

Tuseme umevuna magunia 30 kwa mvua. Yagawe kabla ya kuuza hata moja. Zaka ya mazao ya mvua, yafikapo kiwango, ni sehemu moja ya kumi, yaani magunia 3. (Yale ya kumwagilia kwa gharama ni nusu ya hiyo.) Magunia 12 yawe chakula cha nyumba, na 1 liwe mbegu. Magunia 3 yawe akiba ya uzeeni, yasiguswe kwa harusi wala kwa redio mpya. Yabaki 11 kwa ada za shule, mavazi, madeni na mengineyo. Kila mtu atapanga kwa kadiri ya mavuno yake, lakini fungu la uzeeni litengwe mwanzoni. Anayengoja kuona kitakachobaki, aghalabu haoni kitu.

Hata hivyo mpunga haukai miaka 20, na shilingi iliyofukiwa hupungua thamani. Basi magunia yale 3 yageuzwe kila mwaka kuwa kitu kidumucho. Bonde letu limebarikiwa katika jambo hili. Mkakao huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano, nao huendelea miaka mingi. Kuuhudumia mzee anaweza, ilhali kupiga jembe majarubani hawezi. Mtiki huhitaji miaka kama 20 au 25. Maana yake, autakaye akiwa na miaka 65 aupande sasa akiwa na 43, wala asingoje 60. Minazi, migomba, ng'ombe wawili wa maziwa, chumba cha kupangisha mjini Ifakara, michango ya hiari ya NSSF: yote haya ni mpunga uliobadilika sura. Wala usiweke vyote mahali pamoja, kwani mafuriko hayachagui shamba.

Vikundi vya kuweka na kukopa vyafaa sana, lakini Mwislamu aulize kwanza kama faida yake yatokana na biashara au na riba, na avipendelee vile vinavyokopeshana bila riba. Na kila deni liandikwe, lishuhudiwe. Amri hiyo imo katika Sura Al-Baqara kwa urefu mkubwa, nasi twaipuuza kwa sababu ya haya, kisha twavunja undugu kwa ajili ya laki mbili.

5. FEDHA ZA MKUPUO

Nilimjua mzee mmoja aliyestaafu baada ya miaka 30 ya kazi. Alipopata mkupuo wake, marafiki walimfikia kabla hajaupeleka nyumbani. Mmoja alimshauri akodi ekari 40 bondeni, alime kwa trekta, atajirike kwa msimu mmoja. Alikodi. Mvua zilichelewa, kisha zikaja zote kwa pamoja. Alipata magunia yasiyotosha kulipa trekta.

Nilimtembelea nikidhani atalaumu mvua. Hakulaumu. Aliniambia, "Mwalimu, miaka 30 niliamka kwa king'ora cha kazini. Sikuwahi kukaa shambani hata mwezi mzima. Nilitaka kujifunza kulima kwa fedha zangu za mwisho."

Ndugu msomaji, Kurani Tukufu katika Sura An-Nisa yataja mali kuwa ni tegemeo la maisha yetu, na yatukataza kuikabidhi kwa wasio na busara nayo. Wakati mwingine asiye na busara ni sisi wenyewe. Basi shika kanuni hizi. Miezi sita ya kwanza usianzishe jambo lolote jipya kwa fedha za mkupuo. Biashara unayokusudia kuifanya ukiwa na 60, ianze kwa udogo ukiwa na 50, ili makosa yako yawe madogo na mshahara ungalipo. Mwenzi wako wa ndoa ajue kiasi chote na ashauriwe. Na fedha zikikaa mwaka mzima nazo zimefika kiwango, toa zaka yake, mbili na nusu kwa mia.

6. JE, WATOTO NI AKIBA?

Watoto ni amana na neema. Wao wameamriwa kutuhudumia. Sura Bani Israil yamkataza mtoto hata kuguna mbele ya mzazi aliyezeeka. Lakini amri hiyo ameambiwa mtoto. Mzazi hakuambiwa akae bila kujitafutia, akamgeuza mwanawe kuwa pensheni yake. Kijana wa leo aendaye Morogoro au Dar es Salaam ana kodi ya nyumba na watoto wake mwenyewe. Anayeletewa na baba yake shida zote kwa mara moja huanza kuogopa kupokea simu, na mapenzi hupoa bila ya mmoja wao kutaka.

Kumwekea mtoto elimu ni akiba. Kumfundisha Sala ni akiba kubwa zaidi. Nawe uliyeingia katika Uislamu hivi karibuni, huku wazazi wako wakibaki katika dini yao, kumbuka kwamba Sura Luqman yakuamuru ukae nao kwa wema hata kama hamwafikiani katika imani. Mpelekee mama yako unga na dawa. Watoto wako wanakutazama, na jinsi unavyomtendea bibi yao ndivyo watakavyojifunza kukutendea wewe.

7. NYUMBA, SHAMBA NA WASIA

Jenga kabla ya kustaafu, hata kama ni vyumba viwili. Jenga mahali ambapo maji ya masika hayafiki, karibu na zahanati na msikiti, kwa maana magoti ya miaka 70 hayataki safari ndefu. Shamba usinunue kwa karatasi ya mtu mmoja. Nenda kwenye serikali ya kijiji, uliza mipaka ya pori la akiba na ya jirani, na utafute hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Vijiji vingi vya Kilombero, Ulanga na Malinyi vimepimwa. Usiache nafasi hiyo ipite.

Kisha andika wasia. Saad bin Abi Waqqas r.a. alipougua alitaka kutoa mali yake nyingi kwa ajili ya dini. Mtume s.a.w. hakumruhusu kupita theluthi, akamfundisha kwamba ni bora kuwaacha warithi wakijitosheleza kuliko kuwaacha wakiomba watu. Kwa ndugu wapya jambo hili lina uzito wa pekee. Jamaa asiyekuwa katika warithi kwa sheria, kama mama au dada wa dini nyingine, anaweza kukumbukwa ndani ya theluthi hiyo. Usipoandika, mahakama italazimika kuchunguza uliishi maisha gani ili ijue itumie sheria ipi, na huko ndiko ndugu hugombana juu ya kaburi bichi.

8. MWENYEWE UTAKUWA NANI?

Wengi huhesabu fedha wakaisahau nafsi. Mtu aliyeitwa "bwana mkubwa" kwa miaka 30 huamka asubuhi moja hakuna amwitaye. Kwa huzuni hukaa barazani, au huzunguka nyumbani akimsahihisha mkewe namna ya kupika, mpaka nyumba ikachoka naye.

Dini yetu haina mtu asiye na kazi. Katika Jumuiya yetu mwanamume afikishapo miaka 40 huingizwa katika Majlis Ansarullah, chama kilichoanzishwa mwaka 1940, na maana ya jina lake ni wasaidizi wa Mungu. Twaona basi kwamba kazi ya uzeeni huanzwa kuzoewa miaka 20 kabla. Muuguzi mstaafu anaweza kuwafundisha mama wa kijijini kunyonyesha na kutambua dalili za malaria. Mhasibu mstaafu anaweza kutunza vitabu vya kikundi. Mkulima mzee anajua mambo ya mto yasiyoandikwa popote. Naye asiyejua kusoma Kurani Tukufu ajifunze sasa, macho yangali mazuri, ili uzee umkute na rafiki.

Tunza mwili pia. Pima shinikizo la damu na sukari kila mwaka ufikapo 40. Fahamu haki zako: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na zaidi, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Uliza zahanati yako utaratibu ulivyo.

JIBU KWA UFUPI

Ndugu yetu wa Ifakara, jirani yako amesema kweli kwamba Mungu ndiye Mwenye kuruzuku. Amesahau tu kwamba nguvu ulizo nazo ukiwa na miaka 43 ndizo riziki yenyewe, tena sehemu yake umepewa kwa ajili ya miaka 70. Ukiila yote leo, umekula cha mzee ambaye ni wewe mwenyewe. Mtume s.a.w. alituusia tuutumie ujana kabla ya uzee, na afya kabla ya maradhi. Anza msimu huu, hata kwa gunia moja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Nabii Yusufu a.s. alifundisha mambo gani matatu juu ya akiba?
2. Una miezi mingapi ya michango iliyoandikwa? Umeiona kwa macho yako?
3. Ukistaafu leo, nyumba yako ingeishi kwa kiasi gani kwa mwezi?
4. Ni mti gani au kitu gani kidumucho ulichokiweka mwaka huu kwa ajili ya uzee?
5. Wasia wako uko wapi, na nani anajua?
6. Ni kazi gani ya kuwafaa watu utakayoifanya pasipo mshahara?

Mwenyezi Mungu atujalie uzee wenye afya, riziki ya halali na ulimi unaomkumbuka Yeye, na atuepushe na umri wa kumlemea mwingine. Amin.